Mbu sugu Dodoma: kipi ununue kwanza, kipi ukiache dukani

Pita maduka ya Majengo au Sabasaba, geuza makopo ya dawa ya mbu usome maandishi ya nyuma. Permethrin, deltamethrin, cypermethrin, transfluthrin: zote ni ukoo mmoja, pairethroidi, sumu zilizotengenezwa kwa kuiga maua ya pareto. Mbu aliyezoea moja mara nyingi huzimudu na nduguze, kwa hiyo kubadili kopo si kubadili dawa. Orodha hii imepangwa kwa swali moja tu: kitu hiki kinafanya nini mbu akiwa tayari sugu?

1. Chandarua chenye klorfenapiri

Kwenye lebo tafuta "chlorfenapyr" pamoja na alpha-cypermethrin; Interceptor G2 ni mfano. Mbu sugu huvunja pairethroidi kwa vimeng'enya vyake, yaani protini za mwilini zinazovunjavunja sumu. Klorfenapiri inamwingia ikiwa haina makali, kisha vimeng'enya hivyohivyo ndivyo vinavyoigeuza sumu inayomkatia nguvu mwilini. Usishangae ukimwona anaruka baada ya kugusa neti: anaweza kuchukua hadi saa 72 kufa. Wengi huiita feki kwa sababu hiyo tu.

Katika majaribio ya Misungwi, Mwanza, yaliyochapishwa 2022, baada ya miezi 24 watoto wenye malaria walikuwa asilimia 25.6 kwenye maeneo ya neti hizi. Kwenye neti za pairethroidi pekee walikuwa asilimia 45.8, na za PBO (kemikali inayoongezwa kwenye pairethroidi, tazama namba 3) 40.7. WHO ilizipendekeza mwaka 2023. Kabla ya kutoa hela, kumbuka kwamba mjamzito hupewa neti bure anapoanza kliniki, na mtoto anapochanjwa surua. Soma lebo ujue umepewa ipi.

2. Wavu wa dirisha

Hakuna usugu dhidi ya waya. Mwambie fundi matundu 16 kwa 18 kwa inchi, fremu ibane pande zote. Wa alumini hudumu. Wa plastiki hulegea na paka huuchana. Kosa la kawaida ni kuziba madirisha na kuacha uwazi kati ya ukuta na bati, na hapo ndipo mbu wa malaria hupenda kupita.

3. Chandarua chenye PBO

Olyset Plus na PermaNet 3.0 ni za kundi hili. PBO huzuia vile vimeng'enya, pairethroidi ipate kufanya kazi tena. Udhaifu wake ni kwamba hupungua mapema kadiri neti inavyofuliwa, na vumbi la Dodoma linakushawishi ufue kila wiki. Kung'uta. Fua mara moja kwa miezi mitatu, maji baridi na sabuni ya mche, bila jiki, uanike kivulini. Jua huharibu dawa. Ikiwa mpya, ianike kivulini siku nzima kabla ya kulalia.

Neti ya kawaida isiyo na tundu bado inalinda kuliko kopo lolote.

4. Losheni ya kujipaka

Tafuta yenye DEET, kemikali ya kufukuza mbu, asilimia 20 hadi 30. Inawafaa hasa wa Bahi, Hombolo na Mtera: Anopheles arabiensis, mbu wa malaria, huuma ng'ombe na watu nje, mapema jioni, kabla hujaingia kwenye neti. Inasaidia pia mchana dhidi ya Aedes, mbu wa dengi.

5. Dawa ya kupuliza na ya kuchoma

Kopo litamwangusha mbu, atalala chali sakafuni akitikisa miguu, na kama ni sugu asubuhi hayupo. Fagia na uue walioanguka palepale. Coil hufukuza zaidi kuliko kuua, na moshi wake hauufai usingizi wa mtoto chumba kikiwa kimefungwa.

Usinunue kabisa

Dawa ya shamba ya kupuliza ndani. Si salama kwa wanaolala humo, na nyingi ni pairethroidi zilezile. Zinazopigwa kwenye mpunga na mboga zikitiririkia majini huwakuta viluwiluwi, na wanaosalia ndio wanaozaa mbu sugu.