Ukuta wa kizazi ukinenepa: kitanzi cha homoni au vidonge?
Wadada wa huku Mbeya wananiuliza sana hili. Naongelea ule unene usio na seli zilizobadilika, maana zikiwepo hatari ya kansa iko juu na mara nyingi daktari anashauri kutoa kizazi.

Vidonge vya projestini, yaani homoni inayopunguza unene wa ukuta, unaanza leo leo, hela ya kuanzia ndogo, ila ni kila siku kwa miezi 6 au zaidi na hapo ndo wengi wanakwama. Mamdogo wangu wa Tukuyu alikuwa anavifunga kwenye pindo la kanga, anadamkia kuchuma chai, siku kanga imefuliwa na vidonge vikaenda na maji, iliniuma sana.

Kitanzi cha homoni, sio kile cha kopa jamani, hicho hakitibu hili tatizo, kinaumiza mfuko wa hela mara moja na sio kila kituo wanacho, mtu wa Makete anaweza kusafiri kutwa nzima, lakini kikishakaa kinafanya kazi chenyewe hadi miaka 5 na kinarudisha ukuta vizuri kuliko vidonge. Miezi ya mwanzo matone ya damu yanasumbua, vumilia.

Kote kote lazima urudi kupimwa kinyama, yaani kipande kidogo cha ukuta wa kizazi, kila baada ya miezi 6, na kama uzito umezidi upunguze, mafuta ya mwili yanatengeneza estrojeni, homoni inayonenepesha ukuta.

Kama unasahau dozi, mi ningeegemea kitanzi. Hutaki kuwekewa kitu au hela haijatimia, basi vidonge na alamu ya simu. Na kama hedhi ilishakoma ukaona damu, hata tone moja, nenda hospitali wiki hii hii.