"Simu si samaki, mama": uzoefu wangu na simu ngumu

"Simu si samaki, mama."

Hayo niliambiwa mbele ya wateja wenzangu na kijana ambaye kwa umri ningeweza kumzaa, na wala shikamoo hakunipa. Siku zimepita, lakini nikikumbuka bado moyo unanienda mbio. Naandika kwa ajili ya mwenzangu aliyesimama dukani sasa hivi akijiuliza achukue simu ya kupangusa ya bei ya chini au ajikaze anunue hizi wanazoziita simu ngumu, zinazosifiwa kwamba zinastahimili maji na kuanguka.

Mimi ni mchuuzi wa dagaa. Nanunua visiwani, upande wa Ukerewe na Ukara, nauza Mwanza pale mwaloni Kirumba. Kazi yetu inakwenda na mwezi: giza likiingia mitumbwi inatoka, mbalamwezi ikiwaka tunapumzika. Kwangu simu si ya picha. Mtumbwi ukifika alfajiri nampigia mteja, tukielewana bei anatuma hela, namlipa mvuvi hapo hapo miguu yangu ikiwa majini. Simu ikizima saa ile, mzigo unakwenda kwa mwingine. Hakuna anayekusubiri.

Simu yangu ya kwanza ya kupangusa, ya bei ya chini kabisa, iliniponyoka ikaingia kwenye ndoo ya dagaa wabichi ikafa pale pale. Mteja wangu wa Bukavu, kule Kongo, akapiga asubuhi nzima, hanipati. Kufika mchana ameshapakia magunia ya mwanamke mwingine, na simlaumu, gari lilikuwa linamngoja. Basi niliingia dukani nikiwa na uchungu huo, na mwenye uchungu ni rahisi kuuziwa.

Kaunta kulikuwa na jagi la kioo limejaa maji. Yule kijana akaichukua simu ile nzito, akawasha video ya muziki, akaizamisha. Video ikaendelea, tunamwona mwimbaji anavyochezesha midomo chini ya maji. Akaitoa, akaibwaga sakafuni, akaikanyaga kwa kisigino. Watu wakapiga makofi. Akanionyesha boksi limeandikwa IP68, akanionyesha na maandishi mengine ya vipimo vya jeshi la Marekani. Kisha akasema, "Mama, hii hata ukitaka nenda nayo kuvua samaki."

Naomba hilo lishikwe vizuri. Habari ya samaki aliileta yeye.

Nikatoa laki nne na themanini. Ya kawaida iliyokuwa pembeni yake ilikuwa laki mbili na kumi. Tofauti ile ni mtaji, ni fedha ya kununulia mzigo, nikaiweka kwenye simu kwa sababu ya jagi la maji. Na kabla hamjaniambia kwamba niliuziwa bandia: tangu TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ilipozima simu bandia mwaka 2016 sinunui simu bila kubonyeza *#06# na kutuma ile namba ya utambulisho wa simu inayotokea kwenda 15090. Nilifanya hivyo pale pale dukani, jibu likarudi ni halali.

Nisiwe mwongo, magiza matatu au manne ya mwanzo niliipenda simu ile. Kisiwani ambako kuchaji ni kulipa kibandani na kupanga foleni, ilikuwa inakaa siku tatu bila kuomba chaji. Tochi yake ilikuwa inamulika kichanja kizima, naona dagaa walivyokauka na naona kama wamechanganyika na uchafu. Ilianguka kwenye mawe mara sijui ngapi, haikupata hata mkwaruzo wa maana. Uzito wake ndio ulinisumbua, ukiifunga kwenye pindo la kanga inavuta kama jiwe, lakini nikazoea.

Siku yenyewe wala hapakuwa na mawimbi. Nilikuwa naufuata mtumbwi, maji yamenifika magotini, simu ikachomoka kwenye kanga ikaingia ziwani. Nikainama nikaiokota. Ukihesabu moja mpaka kumi hufiki, imeshakuwa mkononi mwangu. Nikaifuta, nikapiga simu, nikamaliza biashara. Jioni spika ikaanza kukoroma kama mtu mwenye mafua. Usiku nachomeka chaji, inaniletea alama ya tone la maji na kukataa. Asubuhi haikuwaka tena.

Haya ni maji ya ziwa, jamani. Si bahari, hayana chumvi. Maji ya magotini!

Nikarudi Mwanza na risiti na karatasi ya waranti ya mwaka mzima, nimeitunza kwenye Biblia yangu. Kijana yule yule. Akaichukua simu bila kuniangalia, akavuta kile kizibo cha mpira kinachofunika tundu la chaji, akamulika, akachokoa kwa pini. Punje ya mchanga ikaanguka kwenye kaunta. Moja. Akaisukuma kwa kidole hadi mbele yangu. "Mchanga," akasema. Akaigeuza karatasi yangu, akaweka kidole kwenye mstari wa chini wenye maandishi madogo kama mayai ya chawa: simu iliyoingia maji haihusiki na waranti.

Nikamwuliza kwa upole kabisa, "Mwanangu, si uliniambia inaingia majini?" Ndipo akasema simu si samaki, mama. Watu wakacheka. Wengine ni wale wale waliokuwa wanatazama jagi.

Sikumjibu. Nilichukua simu yangu nikaondoka, na njia nzima nilikuwa namjibu moyoni. Sasa namjibu hapa. Mchanga naujua kuliko wewe, kijana wangu. Mchanga ni adui yangu tangu nilipoanza kazi hii. Dagaa walioanikwa chini wakashika mchanga wanaishia kuwa chakula cha kuku, na bei yake ni ya chakula cha kuku. Mteja wa Kongo akitia mkono kwenye gunia langu akakuta mchanga, napunguza bei palepale mbele ya watu. Simtolei karatasi. Simwambii kwamba yeye ndiye hakujua kufungua gunia.

Mtoto wa dada yangu ni fundi simu, nikampelekea. Huyu ana heshima, alinikalisha akanieleza mambo ambayo nilipaswa kuelezwa siku ya kununua. "Mama mdogo, hizo namba za IP68 zina maana yake. Sita ni vumbi, maana yake halipenyi. Ya pili ni ya maji. Ingekuwa saba ni mita 1 kwa nusu saa. Nane inazidi hapo, ila kina na muda anavitaja mwenye kiwanda." Akaendelea: kipimo hicho hufanywa kwa maji safi, simu ikiwa mpya, vizibo vyote vimebanwa sawasawa. Punje moja ikikaa kwenye ukingo wa mpira, mpira haukai, na maji hayahitaji mlango mkubwa. Nikamwambia nilikuwa naiosha kwa sabuni kila jioni maana inanuka dagaa. Akatikisa kichwa, akasema sabuni nayo kidogo kidogo inauchosha mpira.

Na yale maandishi ya jeshi? Hapo ndipo hasira ilinipanda upya. Kumbe MIL-STD-810 ni utaratibu tu wa kupima, jinsi ya kuangusha kitu, kukiweka kwenye joto, kwenye baridi, kukitikisa. Jeshi la Marekani halijaipima simu yangu wala halitoi cheti cha simu. Kiwanda kinachagua majaribio kinayoyataka, kinajipima chenyewe, kinaandika chenyewe kwenye boksi. Mimi nilipoona neno jeshi nilimwona askari anatambaa nayo kwenye matope.

Kwa hiyo nilikuwa nimeshaamua kuandika kwamba msinunue kabisa. Na sababu kubwa zaidi ya maji ni ufundi. Simu ya kawaida ikipasuka kioo, kila kibanda cha fundi kina kioo chake, unakunywa chai unarudi imekwisha. Hii ngumu imefungwa skrubu na gundi, kuifungua tu ni kazi ya nusu siku, na kifaa cha sehemu ya kuchajia hakikuwepo Mwanza. Kariakoo wakasema mpaka kiagizwe China. Yaani imetengenezwa isiharibike, na ikiharibika hakuna aliyejiandaa kuitengeneza. Nikanunua ya laki mbili na kumi. Nikiingia majini naiweka kwenye kopo la Blue Band lenye mfuniko, nalining'iniza shingoni kwa kamba. Ikiita nasikia mtetemo kifuani. Kopo lile limeshaanguka ziwani mara mbili na kuelea.

Lakini sasa mwanangu yule fundi ameisafisha ile ngumu kwa spiriti, akaibadilisha sehemu ya kuchajia kifaa kilipofika, na imewaka. Giza lililopita nilikwenda nayo kisiwani pamoja na hii ndogo. Hii ndogo ikazima saa nne usiku, na mimi nina mzigo wa kupokea saa kumi alfajiri. Ni ile ngumu iliyoniokoa, kwa chaji na kwa tochi. Nikaishika mkononi nikaionea huruma, maana kosa halikuwa lake. Anayefanya kazi nchi kavu, fundi ujenzi, dereva wa lori, mchimbaji, huenda ikamfaa kuliko chochote. Hata mimi sasa siwezi kusema haifai. Nasema nilidanganywa, na hilo halijabadilika.

Juzi nimepita pale dukani. Jagi bado lipo kaunta, maji yamejaa, na kijana yule anaizamisha nyingine mbele ya mvuvi mmoja na mkewe. Mvuvi ameshatoa hela, amezishika. Nikasimama mlangoni nikasema kwa sauti, "Baba, kabla hujalipa, mwambie akusomee mstari wa mwisho wa waranti, ule wa maji."

Mkewe akanyoosha mkono. "Hebu nipe hiyo karatasi," akamwambia kijana.