Tiketi ya msimu ya kikapu cha chuo, Marekani: kiti ni kizuri, watu hawapo

Kama unaishi Marekani na unawaza kukata tiketi ya msimu ya timu ya kikapu ya chuo, soma hapa kwanza kabla hujatoa kadi yako. Mimi nimekuwa na tiketi hiyo kwa misimu kadhaa, ya timu ya wanaume ya chuo kikuu kimoja cha jimbo kinachocheza Division I, daraja la juu lenye timu zaidi ya 350. Jina la chuo nitaliacha. Waulize wenye tiketi wa vyuo vya ukubwa wa kati popote pale nchini humu, wengi watakusimulia mambo yanayofanana na haya.

Nianze na uzuri, maana upo. Kiti chenyewe sina neno nacho. Kiko karibu na mstari wa katikati, juu kidogo ya benchi la wageni. Ukumbi ni msafi, maegesho yako karibu, vyooni hakuna foleni. Ukikaa pale unaona yale ambayo kamera huyapita: pointi gadi, yule anayeongoza mchezo, anavyoinua vidole viwili kabla ya kuvuka nusu ya uwanja, senta, yule mrefu wa chini ya kikapu, anavyohama upande wa pili wa eneo lililopakwa rangi mbele ya kikapu kabla mpira haujamfikia, msaidizi wa kocha anavyomvuta kijana pembeni na kumchorea kitu kwenye kibao. Na vijana wanacheza kwa moyo. Nimeona mtoto wa miaka 19 akijirusha sakafuni kugombea mpira, timu yake ikiwa imeachwa mbali na zikiwa zimebaki dakika mbili. Mtu wa namna hiyo anastahili kuonwa.

Sasa wa kumwona ndio hawapo. Ukumbi wetu una viti zaidi ya elfu kumi. Usiku wa katikati ya wiki mwezi Desemba, jukwaa lote la juu hufunikwa kwa turubai lenye nembo ya chuo, na la chini limejaa mapengo. Watu wamekaa wawili huku, watatu kule, makoti yao yakiwa na viti vyao wenyewe. Niliwahi kumsikia kocha wa wageni akitaja mchezo anaoutaka, neno kwa neno, na nadhani hata wachezaji wetu walimsikia. Kipindi cha pili mtangazaji akasoma idadi ya waliohudhuria, elfu nne na ushei. Mwanangu akasimama, akatazama huku na huku, akaniuliza, "Baba, wako wapi?"

Nilimjibu kweli. Vyuo vingi vinapotangaza mahudhurio huhesabu tiketi zilizouzwa au kugawiwa, na vichwa vilivyopita mlangoni ni hesabu nyingine. Kwa hiyo ukichungulia takwimu kabla ya kununua, jua kwamba ukumbini utakuta wachache zaidi ya hapo. Na hata takwimu hizo za kupendezesha zimeonyesha wastani wa mashabiki wa mechi za wanaume Division I ukishuka mwaka baada ya mwaka kabla Uviko-19 haijafika. Ugonjwa ule usisingiziwe peke yake.

Kwa nini hili liniume mimi niliyelipia kiti na kiti nimepata? Kwa sababu mechi ningeweza kuiona nyumbani. Ninacholipia ukumbini ni watu. Chukua mtupo huru, ule anaopewa mchezaji aliyechezewa vibaya bila mtu wa kumzuia. Mgeni anasimama kwenye mstari, timu zimelingana, na nyuma ya kikapu wanafunzi mia kadhaa wanapaswa kuwa wanaruka, wanapunga mikono, wanapiga kelele mpaka sakafu inatetemeka. Kwetu, nyuma ya kikapu kile palikuwa na baba mmoja na binti yake wanakula bisi. Yule mgeni akadundisha mpira mara tatu bila haraka, akatia yote mawili. Faida ya kucheza nyumbani tulikuwa tumeshaiacha mlangoni.

Nimelifikiria sana jambo hili, na lawama zangu nyingi naziweka kwenye televisheni, au niseme kwenye namna vyuo vilivyojisalimisha kwake. Konferensi, yaani makundi ya vyuo vinavyocheza ligi pamoja, zimeuza haki za matangazo kwa pesa nyingi, na mwenye haki ndiye anayepanga saa. Mechi ya siku ya kazi inaweza kuanza saa tatu usiku kwa saa za mashariki. Ikiisha ni saa tano na dakika kadhaa, bado hujatoka maegesho, na kesho yake mtoto ana shule. Unaponunua tiketi ya msimu, saa za baadhi ya mechi hazijapangwa kabisa. Unalipia Jumamosi bila kujua kama ni saa sita mchana au usiku, halafu unaambiwa baadaye upange maisha yako kuifuata.

Kisha kuna mapumziko ya matangazo. Mechi ya wanaume ni nusu mbili za dakika 20, na katika kila nusu mchezo husimamishwa mpira unapotoka baada ya saa kushuka chini ya dakika 16, 12, 8 na 4. Ongeza na mapumziko yanayoombwa na makocha. Aliye nyumbani anaangalia tangazo la gari au anakwenda jikoni. Aliye ukumbini anapigiwa muziki wa kurekodi kwa sauti inayoumiza masikio, huku kijana mwenye bunduki ya hewa akirusha fulana kwenye safu tupu. Bendi ya chuo ingeuokoa muda ule, kwani tarumbeta za wanafunzi zinaamsha watu kuliko spika yoyote, lakini katika likizo ya Krismasi bendi imekwenda makwao.

Na huyo wa nyumbani siku hizi hakosi kitu. Tangu ESPN+, huduma ya kutazama michezo mtandaoni, ianze mwaka 2018, mechi za vyuo vidogo ambazo zamani ulilazimika kwenda kuzitazama zinapatikana kwenye simu. Mimi simlaumu anayebaki kwenye kochi lake. Chuo kinachotaka atoke nje kwenye baridi ya Januari kinapaswa kumpa sababu.

Ratiba nayo haisaidii. Novemba na Desemba, vyuo vyenye uwezo hulipa vyuo vidogo vije kucheza na, kwa kawaida, kufungwa. Mwenye tiketi ya msimu anaziona hizo, moja baada ya nyingine, na zote ziko ndani ya bei aliyolipa. Wapinzani wa maana wa miezi hiyo mara nyingi hukutana kwenye viwanja visivyo vya yeyote, Las Vegas au Bahamas au Hawaii. Mashindano ya Maui, ambayo kila shabiki wa kikapu cha vyuo anayajua, yana makao yake kwenye ukumbi wa Lahaina wenye viti takriban 2,400. Mechi tamu zinakwenda kisiwani, na sisi tunabakiziwa Jumanne ya mitihani.

Hapo ndipo wanafunzi wanapoingia, na hapa ndipo hasira yangu ilipo. Nenda ukaone Cameron Indoor Stadium, ukumbi wa chuo cha Duke, hata kwa picha tu. Ulifunguliwa mwaka 1940 na una viti 9,314, kwa hiyo ni mdogo kuliko kumbi nyingi za vyuo visivyojaza hata nusu. Lakini wanafunzi wamewekwa chini, kandokando ya uwanja, karibu kiasi kwamba mchezaji anayerusha mpira ndani anaweza kuguswa. Kabla ya mechi na mahasimu wao North Carolina wanalala kwenye mahema nje ya ukumbi, mahali panapoitwa Krzyzewskiville kwa heshima ya kocha Mike Krzyzewski aliyestaafu mwaka 2022. Hakuna anayewalipa wale watoto. Wanakwenda kwa sababu wanajua mahali pao ni pao.

Kwetu wanafunzi wamesukumwa kwenye kona, juu, nyuma ya nguzo ya kamera. Viti vya kando ya uwanja wamepewa wafadhili. Ili kupata viti vya aina hiyo katika vyuo vingi hutoshelezwi na bei ya tiketi, unatakiwa kwanza uchangie mfuko wa michezo wa chuo. Zamani mchangiaji alikuwa anaruhusiwa kukata asilimia 80 ya mchango ule kwenye mapato yake yanayotozwa kodi, mpaka sheria ya kodi ya mwaka 2017 ilipoifuta nafuu hiyo. Wengine waliacha. Waliobaki, wengi wao ni watu wazima wenye shughuli zao, wanafika nusu ya kwanza ikiwa inaelekea mwisho, au hawafiki. Kamera inaelekea upande wao kila dakika. Kila anayetazama televisheni anaona safu tupu za bei kubwa na kudhani timu haina wenyewe.

Jioni moja nilijaribu kumshusha mwanangu safu chache chini, mahali ambapo hapakuwa na mtu kushoto wala kulia, mechi ikiwa imeshaamuliwa. Mhudumu, mzee mpole wa kujitolea, alitusimamisha na kutuomba tiketi. Akaniambia kwa upole kwamba amekatazwa, na uso wake ulionyesha hakulipenda agizo lile. Sina kinyongo naye hata kidogo. Lakini aliyeandika agizo hilo ofisini aje akae pale siku moja aone mtoto anavyorudishwa juu ili kiti kibaki wazi.

Kuna suala la wachezaji kuhama, na watu wengi wanalitaja kwanza. Mimi naliweka chini zaidi. Ni kweli, tangu 2021 mchezaji anaweza kuhama chuo na kucheza msimu unaofuata bila kukaa nje, na mwaka huo huo ndipo waliporuhusiwa kupata pesa kwa majina na sura zao. Tangu Julai 2025 vyuo vyenyewe vinaweza kuwalipa moja kwa moja. Nafurahi kwa ajili yao, walitajirisha wengine kwa miaka mingi mno. Kwa shabiki maana yake ni kwamba kila Novemba unashika orodha ya majina na kuanza upya kujifunza nani ni nani, na chuo cha ukubwa wetu kikilea kijana mzuri, mwaka unaofuata unamwona na jezi ya chuo kikubwa. Hilo lingevumilika kama wapinzani wangebaki wale wale. Lakini konferensi nazo zimesambaratika. Mwaka 2024 Pac-12, konferensi ya vyuo vya magharibi, ilikimbiwa na wanachama wake karibu wote, na leo UCLA ya Los Angeles iko konferensi moja na Rutgers ya New Jersey, huku Stanford na California zikicheza kwenye konferensi inayoitwa ya pwani ya Atlantiki. Shabiki wa kikapu alikuwa anapanda gari saa mbili kwenda kumzomea jirani yake. Sasa jirani anacheza kwingine.

Wanaosema watu wamechoka na kikapu cha vyuo waangalie upande wa wanawake. Tarehe 15 Oktoba 2023, chuo cha Iowa waliuhamishia mchezo uwanja wa futiboli ya Kimarekani, Kinnick Stadium, na watazamaji 55,646 wakaja kumwona nyota wao Caitlin Clark na wenzake wakicheza na chuo cha DePaul, mechi ya majaribio tu. Fainali ya wanawake ya 2024, South Carolina dhidi ya Iowa, iliangaliwa na watu zaidi ya milioni 18 hapa Marekani, ikaipita ile ya wanaume. South Carolina ya kocha Dawn Staley imekuwa kileleni kwa mahudhurio ya wanawake kwa miaka mingi, na wala mji wa chuo kile si mkubwa.

Chuo chetu hakina Caitlin Clark. Lakini nilipompeleka mwanangu kwenye mechi ya wanawake, Jumapili mchana, nilikuta kitu ambacho upande wa wanaume kimepotea. Jukwaa la juu lilikuwa limefungwa na wote tumesogezwa chini, tukabanana. Vitoto vya kike vyenye jezi za timu za shule zao vilijipanga safu mbili. Mechi ilipoisha wachezaji wakabaki uwanjani wakisaini fulana na viatu, na senta akainama mpaka magoti kupiga picha na mwanangu. Bei ya tiketi ilikuwa ndogo mno ukilinganisha na ile ya wanaume, na wa kuchangishwa mfuko wowote hakuwepo.

Niliiandikia ofisi ya tiketi yote haya, kwa adabu. Nilijibiwa na kijana mmoja aliyeisoma barua yangu mpaka mwisho, kwa sababu alijibu kila hoja. Saa za mechi, alisema, hawazipangi wao. Kuhusu wanafunzi kushushwa chini, amelifikisha juu. Namshukuru, na bado nasubiri.

Kama unataka kununua, ushauri wangu ni huu. Kwa timu ya wanaume, usichukue msimu mzima. Subiri Januari wanafunzi warudi, chagua mechi za konferensi, nunua tiketi moja moja kwa wanaouza tena mtandaoni, na uangalie bei asubuhi ya mechi, kwa sababu wenye viti wasiokuja hushusha wenyewe. Uliza wanafunzi wanakaa wapi, kisha utafute kiti nyuma yao, hata kama kiko kwenye kona. Ukishawishika kuchukua msimu, muulize muuzaji mambo mawili kabla ya kulipa: mechi ngapi za nyumbani zinaangukia likizo ya wanafunzi, na kama mchango ni wa lazima kila mwaka au mara moja.

Kiti nimekipa nyota nne, msimu wenyewe mbili. Ya wanaume sikuihuisha. Ya wanawake nimeshalipia, viti viwili safu ya tatu nyuma ya bendi, na mechi ya kwanza ni Novemba.