Boma la Kale, Sokoine Drive: si Mjerumani aliyelijenga

Mwaka jana niliingizwa mjini nikiwa mjini kwangu, Dar es Salaam. Kampuni moja ya matembezi, jina naliacha, ilituzungusha Posta juani mpaka mbele ya jengo hili, kijana akatuambia, "Hili kajenga Mjerumani, ndiyo maana linaitwa Boma." Tukapiga picha, tukaondoka. Jumamosi iliyopita nimerudi kwa nauli yangu, pamoja na shangazi yangu aliyekuja kutoka Pangani, na safari hii tumeingia ndani.

Kufika ni rahisi. Mwendokasi mpaka Posta ya Zamani, halafu mnatembea kando ya Sokoine Drive mpaka inapokutana na Barabara ya Morogoro, mkabala na boti za Zanzibar. Ndani kuna kituo cha urithi wa usanifu majengo, DARCH, kinachoeleza jinsi mji ulivyojengwa.

Sasa, huyo Mjerumani. Nyumba ilijengwa 1866 na 1867 kwa amri ya Sultani Majid bin Said wa Zanzibar, iwe ya kufikia wageni wa kasri lake lililokuwa jirani. Wajerumani walifika 1887 wakaikuta imesimama miaka 20. Wao waliigeuza ya utawala, na boma ndivyo watu walivyozoea kuziita ofisi zao.

Nilitarajia vioo na mazulia, mambo ya kisultani. Hakuna. Nikaanza kunung'unika kimoyomoyo, ila shangazi alikuwa ameinua uso darini anahesabu boriti. "Hapa pana pesa, baba," akasema. "Chumba hupimwa kwa boriti. Boriti ikiishia hapa, na chumba kinaishia hapa." Ni kweli: boriti ya mkoko hubeba upana wa mita 3 hivi, ndiyo sababu vyumba vya majumba ya kale ya pwani ni virefu na vyembamba. Mikoko ikatwe, ivutwe kwa majahazi. Matumbawe yachimbwe, mengine yachomwe yawe chokaa. Kuta zipandishwe nene mpaka nje jasho linatiririka na ndani unasahau feni. Mlangoni kwenye nakshi alisimama muda mrefu, anapitisha kidole kwenye mfaa, ule mti wa katikati ya mlango, kama anayesoma.

Pesa yenyewe ilitoka wapi, hilo lisirukwe. Karafuu za Unguja, pembe za ndovu, na watu waliouzwa. Majid alitaka bandari yake mwenyewe huku bara ya kupokea misafara, na mwaka 1867 aliwaandalia karamu hapa makonseli wa Ulaya na Marekani, ili waone. Miaka 3 baadaye akafariki. Mdogo wake Barghash hakuwa na haja na mji huu, ukaachwa. Kasri halipo tena. Nyumba ya mgeni imebaki, ya mwenyeji imetoweka!

"Na wake zake walikaa wapi?" shangazi akauliza tulipotoka. Swali hilo kijana wa mwaka jana angelizimia. Nikampeleka Nyumba ya Atiman, barabara hiyohiyo, tukaitazama kwa nje. Inasemekana nayo ilijengwa na Majid, kwa ajili ya wanawake wa jumba lake. Baadaye ikawa ya mapadri wa White Fathers. Jina ni la Dk. Adrien Atiman, aliyetekwa utotoni Afrika Magharibi akauzwa, mapadri wakamkomboa, akasomea utabibu Malta, kisha akatibu watu Karema, Ziwa Tanganyika, mpaka uzeeni. Alifariki 1956. Nyumba ya sultani aliyetajirika kwa watumwa, na jina mlangoni ni la mtu aliyewahi kuuzwa. Shangazi aliguna tu.

Ushauri wangu: nendeni asubuhi, na kama una mzee wa pwani nyumbani, nenda naye. Mabango yanaeleza miaka. Mzee ataeleza boriti. Ngazi mpandishe polepole.

Tulimalizia na kahawa na kashata kando ya barabara. Kabla kikombe hakijaisha shangazi alikuwa ameshatoa simu, anampigia kaka yake Pangani, sauti juu, watu wanageuka: "Zile boriti za chumba cha bibi, mlipobomoa, mlizipeleka wapi?"