Manjanja ya aluzinki chini ya moshi wa Nyiragongo: nyota nne

Niko Mugunga, Goma, upande ambao upepo hupenda kusukumia moshi wa volkano. Nilipoezeka upya mwaka 2021, baada ya lava ya Mei, nyumba kubwa niliipa manjanja, yaani mabati, ya aluzinki yenye rangi nyekundu kutoka duka moja la Birere. Jiko la nje nikalitupia mabati meupe ya kawaida, BG32 (namba ya unene wa bati), yale membamba. Kiwanja kimoja, mvua moja.

Jiko limeshachoka. Mng'ao ulipotea, ukaja unga mweupe, kisha kutu ikaanzia kwenye matundu ya misumari na pale bati moja linapolalia jingine, maana maji yakiingia hapo hayakauki upesi. Volkano zetu mbili, Nyiragongo na Nyamulagira, hazijifichi: gesi yao ya salfa ikikutana na unyevu wa hewa inakuwa asidi. Bati jeupe ni chuma kilichopakwa zinki, na zinki ndiyo inayoliwa kwanza ili chuma kipone. Mpako ukiwa mwembamba, chakula kinaisha mapema.

Palipooza zaidi ni chini ya ukingo wa paa, mvua isipofika! Fundi akanieleza: juu, mvua hata yenye asidi inaosha, chini, vumbi na masizi ya makala vinaganda, vinanyonya umande usiku, na hakuna wa kuvisuuza.

Nyumba kubwa iko salama. Mpako wa aluzinki ni alumini asilimia 55, na karibu yote inayobaki ni zinki. Ile alumini hujifunika ngozi ngumu ambayo asidi inapata taabu kuipenya. Rangi imepauka kidogo, basi. Ila kuna madoadoa ya kahawia karibu na bomba la moshi, pale kijana wa fundi alipokata kwa mashine ya diski. Cheche zilichoma mpako, na chembe za chuma zilizorukia paa zikaota kutu. Daini mkasi wa bati, jamani, hata fundi akinuna. Saruji mbichi nayo msiiache ikae juu yake, inaila alumini.

Ukinunua, uliza uzito wa mpako, usiulize rangi peke yake. AZ150 maana yake gramu 150 kwa mita mraba, pande zote mbili pamoja. AZ70 haifiki hata nusu ya hapo, na kwa macho huwezi kuzitofautisha.

Nyota niliyoinyima ni ya duka. Bei karibu mara mbili ya mabati meupe, halafu wananipa misumari mitupu: "Mama, chukua tu, yote ni misumari." Vichwa vyake sasa vinamenyeka na kuchirizisha kahawia juu ya wekundu wangu. Skrubu zenye mpira nimezipata kwa jirani yake, aliyenifungulia boksi nichague mwenyewe. Fundi anapanda Jumamosi, mvua ikimruhusu.