NHS Talking Therapies: tiba ya mazungumzo ya bure England, tangu fomu hadi kikao cha mwisho

Huduma hii ya NHS, yaani mfumo wa afya wa umma, ilianza mwaka 2008 ikiitwa IAPT, ikabadilishwa jina mwaka 2023. Ni ya watu wazima wanaoishi England wenye sonona, wasiwasi, hofu za ghafla au mshtuko uliobaki baada ya vita, ajali au kushambuliwa. Hulipi kitu wala huhitaji barua ya daktari. Ukishaandikishwa kwa GP, yaani daktari wa kawaida wa mtaani kwako, unajaza fomu mtandaoni au unapiga simu mwenyewe, na kwa hilo pekee huduma inastahili sifa.

Wakati wa kujiandikisha kwenye huduma hii, omba mkalimani wa Kiswahili, hata kama Kiingereza chako kinakutosha kazini. Kiingereza cha kazini hukauka mtu anapoanza kueleza msiba. Gharama ya mkalimani ni yao. Usimpe mwanao au mumeo kazi hiyo, maana utaficha yale yale yaliyokupeleka. Na kama Waswahili wa mji wenu wote wanajuana, sema unataka mkalimani wa kwa simu, wa mji mwingine.

Kisha subiri simu ya tathmini. Mara nyingi namba huja imefichwa, na watu wengi huiacha iite wakidhani ni matapeli. Usipojibu simu wala barua yao, faili hufungwa. Simu yenyewe huchukua kama nusu saa hadi dakika 45, na si tiba bado. Utaulizwa kama umewahi kufikiria kujiua. Kila mtu huulizwa, kwa hiyo usione umeshukiwa. Jibu kweli. Wanachotafuta ni kama una mpango, una njia ya kuutekeleza, na nini kinakuzuia. Unayosema ni siri, ila wakiona uhai wako, wa mtu mwingine au usalama wa mtoto uko hatarini, watawajulisha wanaohusika.

Madodoso mawili, PHQ-9 la sonona na GAD-7 la wasiwasi, ndiyo yanayoamua mengi, na hapa ndipo watu wetu wanapojipunja. Tumezoea kujibu “sijambo, namshukuru Mungu” hata mambo yameharibika. Dodoso linauliza wiki mbili zilizopita tu, na kila swali lina alama 0 hadi 3. Hesabu siku. Ukikosa usingizi siku 9 kati ya 14, hiyo ni zaidi ya nusu, alama 2. Usiandike “siku kadhaa” kwa sababu jana ulilala vizuri. Kuanzia 10 kati ya 27 kwenye PHQ-9, au 8 kati ya 21 kwenye GAD-7, ndipo wanapohesabu kuwa tatizo linahitaji tiba. Utayajaza tena kila kikao. Yanachosha, lakini ndiyo yanayoonyesha kama tiba inafanya kazi.

Wengi huanzia hatua nyepesi: vikao 6 hadi 8 vya kama nusu saa, mara nyingi kwa simu, na mtaalamu aliyefunzwa kazi hiyo ambaye kwa kawaida si mwanasaikolojia. Ukitegemea kukaa na kumwaga yote ya moyoni, utavunjika moyo. Hapa unapewa kazi: ratiba ya wiki, daftari la mawazo, zoezi la kukabili kile unachokikwepa. Asiyefanya mazoezi nyumbani hapati nafuu kubwa. Tatizo likiwa zito unapandishwa hadi CBT, tiba ya kubadili mawazo na mienendo, kwa kawaida vikao 12 hadi 20 vya kama saa nzima kila wiki. Ukiwa na mkalimani, omba muda uongezwe, kwani kila sentensi inasemwa mara mbili.

Kasoro kubwa ni foleni. Lengo rasmi ni asilimia 75 waanze ndani ya wiki 6 na asilimia 95 ndani ya wiki 18, lakini hesabu ya kusubiri husimama ukipata kikao cha kwanza. Unaweza kukaa miezi ukisubiri cha pili, kwa hiyo uliza mapema: “Cha pili ni lini?”

Anayefikiria kujiua sasa hivi asisubiri foleni hii. Apige 111 achague namba 2, au 999 maisha yakiwa hatarini.

Usipoelewana na mtaalamu wako, mwambie kufikia kikao cha tatu au umwombe msimamizi akubadilishie. Ukiacha kwenda kimyakimya, utaondolewa kwenye orodha na kuanza upya mwisho wa foleni.