Kisu cha bucha, mpini wa mninga na ala ya ngozi: uzoefu wangu

Nianze na bei, maana ndiyo kila mtu anayoiuliza: shilingi 85,000 kwa kazi yote, kuondoa kutu, mpini mpya, ala ya ngozi na kunoa. Kwa hela hiyo unaingia Kariakoo ukatoka na visu vipya vya kutosha jiko zima, na nauli ya kurudi ikabaki. Mimi ningelipa tena. Kwenye ala tu ndipo nina neno, nitalifikia.

Kisu ni cha marehemu baba, aliyekuwa na bucha Ngamiani, Tanga. Ni kirefu, kimekonda kwa kunolewa mwaka hadi mwaka, na ukikigeuzia mwanga unasoma SHEFFIELD ENGLAND, ule mji wa Uingereza uliosifika kwa visu. Jina la kiwanda limeshafutika. Mpini wa asili ulipasuka zamani ukazungushiwa tyubu ya baiskeli, na chini ya ule mpira maji yakawa yanaingia hayatoki. Kutu ilikuwa imeanza kuula msuka, ile sehemu ya chuma inayoshikwa na mpini. Mimi napika kwenye shughuli, harusi na maulidi, na kisu hiki nilikuwa nakibeba kapuni kimeviringishwa boksi na kipande cha kanga. Msaidizi wangu alikuwa anaogopa hata kutia mkono kwenye kapu.

Wapo wanaonicheka: kisu cha Uingereza kinashikaje kutu? Kinashika. Ni kweli Sheffield ndiko mtaalamu wa vyuma Harry Brearley alikogundua chuma kisichoshika kutu (stainless steel) mwaka 1913, lakini visu vya wauza nyama viliendelea kutengenezwa kwa chuma cha kaboni kwa miaka mingi baada ya hapo. Chuma hicho kinanoleka upesi, unakipitisha kwenye kinoo mara chache kinarudi kuwa wembe. Gharama yake ndiyo hiyo kutu.

Fundi wa kwanza niliyemwendea aliwasha grenda hata salamu hazijaisha. Nikachukua kisu changu nikaondoka. Chuma cha namna hii kikipata moto kwenye jiwe la mashine hubadilika rangi: manjano, kahawia, kisha buluu. Kikifika kwenye buluu, joto limeshakaribia nyuzi 300 na ugumu umepungua. Hapo utanoa asubuhi, na mchana hakikati nyanya. Na ukingo ule mwembamba ndio unaowahi kuungua.

Wa pili ni mzee anayefanyia kazi uani kwake, hapa hapa Dar. Alikishika kwa ncha, akakigonga kwa ukucha, akasikiliza.

"Mwanangu, chuma kizima hiki. Kilichooza ni nguo zake."

"Mzee wangu, kutu yote hii?"

"Ya juu juu. Niachie. Ila usinihimize."

Sikumhimiza, na "kesho kutwa" yake ilikuwa ndefu kama za mafundi wote. Lakini kazi aliyoifanya niliiona, kwa sababu nilikuwa napita. Alikiloweka kwenye siki, akakisugua kwa brashi, akakiosha kwa magadi ili ukali wa siki usiendelee kukila. Kisha msasa kwa mkono, kuanzia wenye chenga hadi ulio laini, namba 220, 400, 800, huku akitia mafuta, akifuata urefu wa kisu na kuzunguka ile mihuri kwa uangalifu ili isifutike. Karibu na makali vishimo vya kutu vimeisha. Juu, kuelekea mgongoni, ameviacha. Nilipouliza akasema akivifuata vyote atanirudishia bati. Kwangu hilo ni jibu la mtu anayeijua kazi yake. Anayetaka king'ae kama kioo atamlaumu.

Kwenye mpini nilikuwa nimeshaamua: mpingo, mti wa taifa, mweusi ti. Mzee akanikatalia, si kwa bei. Mpingo ni mzito kiasi kwamba ukiutupa majini unazama. Ukiuweka kwenye kisu kilichokonda namna hii, uzito wote unarudi kiganjani na ncha inakuwa nyepesi mno. Tena ukishang'arishwa unateleza kwenye mkono wenye mafuta. Akanipa mninga, ambao uzito wake ni kama nusu ya mpingo na haufuri wala kunywea sana ukipata maji kisha ukakauka. Vipande viwili, kimoja kila upande wa msuka, gundi ya epoksi ndani, na ribiti tatu za shaba zilizogongwa kwa nyundo mpaka zikalingana na mti. Pitisha kidole: huhisi mahali chuma kinapoishia na mti unapoanza. Nyuma ameacha kijinundu kidogo kinachozuia mkono usiteleze, na kwenye kuchuna mbuzi nimekipenda kijinundu hicho kuliko kitu kingine chochote kwenye kazi yote. Rangi nyekundu ya mninga imeanza kukolea kwa mafuta ya nazi ninayoupaka.

Sasa ala. Ngozi ni ya ng'ombe, nene, iliyotengenezwa kwa magome ya miwati, ile inayolimwa sana Njombe. Mzee hataki ngozi ya kromu, ile inayotengenezwa kwa kemikali, kwa ala. Anasema chumvi zake zinakaribisha kutu. Aliilowesha, akakivika kisu nailoni, akakiingiza na kuifinyanga ngozi juu yake kwa mpini wa kijiko mpaka ikashika umbo. Katikati ya tabaka mbili kuna utepe wa ngozi nyingine, ili makali yakigusa yakate utepe, yasikate uzi. Uzi umepakwa nta ya nyuki na mshono umenyooka. Ukiigeuza ala chini juu, kisu hakianguki.

Tatizo ni kile kikanda chenye kifungo kinachofunga juu ya mpini. Kimewekwa upande wa makali, hivyo kila ukichomoa kisu kwa haraka makali yanapita yakikwaruza kikanda, na cha kwanza kilikatika nusu. Mzee alinibadilishia bure, lakini alikirudisha pale pale, na cha pili nacho kinaelekea huko huko. Kingekaa upande wa mgongo yangeisha. Mkiagiza, semeni hilo mapema, kabla ngozi haijatobolewa.

Na ala si kabati. Kwa hewa yetu ya pwani ngozi inavuta unyevu, kwa hiyo mimi huitumia njiani tu. Nikifika nyumbani kisu kinaoshwa, kinakaushwa, kinapakwa mafuta, kinalala droo nyingine na ala yake inaning'inia. Kimeshaanza kuwa na madoa ya kijivu na buluu kwa vitunguu na ndimu. Hayo si kutu, msiyasugue kwa steelwire.

Kwa kisu cha elfu tano cha dukani, kazi hii haifai, nunua kingine. Kwa kisu cha zamani ambacho msuka wake bado mzima, fungueni tyubu kwanza mtazame chini yake kabla ya kukubaliana bei. Changu alinitajia elfu 70 kikiwa kimefungwa, zikaongezeka 15 baada ya kufunguliwa.